Kilo Mbili za Purnima

Vikombe vya kauri katika ofisi ya walimu vilikuwa kumi na viwili, na hakuna hata kimoja kilichokuwa cha Lutfa. Walimu wa kudumu waliletewa chai ya maziwa ndani ya kauri, na biskuti mbili kwenye kisahani. Walimu wa kozi, yaani wale wanaolipwa kwa darasa na kusahauliwa kila likizo, walipewa chai ya rangi kwenye kikombe cha karatasi na kuambiwa wakae wanapopaona. Miaka sita Lutfa alikuwa akifundisha uandishi chuoni hapo, madarasa manne kwa muhula, wanafunzi sitini kila darasa, na mpaka leo hakuwa na kiti. Alisahihishia insha kwenye dirisha la ngazi, mwavuli wake ukimchuruzikia maji miguuni, maana mvua ya Sylhet, mji wao huko Bangladesh, ikianza haimuulizi mtu ana shughuli gani.

"Madam, unaitwa kwa mkuu wa kitivo," alisema mzee Kalam, mpika chai. "Na chai usimalize kwanza. Wamesema sasa hivi."

Mkuu wa kitivo, Profesa Ekramul, alikuwa hodari wa kusema maneno mabaya kwa sauti nzuri. Hakumkaribisha kiti. Alimsukumia karatasi mbili mezani.

"Zisome, Madam Lutfa. Zote mbili."

Lutfa alisoma mistari mitatu ya kwanza, akaiacha, akaishika ya pili. Ilikuwa insha moja. Kichwa kimoja, "Kilo Mbili", aya zile zile, mpaka alama za mkato. Moja ilikuwa na jina la Tanzil Motahir, nyingine la Purnima Bauri.

"Huyu Tanzil kamwibia mtoto wa watu," alisema. "Anastahili adhabu."

"Umemshika asiye mwizi." Profesa alitabasamu. "Tanzil aliituma Jumatatu ya wiki iliyopita, saa tatu asubuhi. Huyo binti aliituma Jumanne jioni. Mashine ya kukagua wizi wa maandishi imeshahukumu. Anayetuma kwanza ndiye mwenye mali, anayemfuata ndiye mwizi. Si maneno yangu hayo, ni kanuni ya mashine. Nawe mashine hiyo unaijua, bila shaka. Imetoka nyumbani kwako."

Kweli ilitoka nyumbani kwake. Mumewe, Mostafiz, alifundisha kompyuta katika jengo la pili la chuo hicho hicho, na mashine ile ndiyo aliyoihangaikia mwaka mzima.

"Profesa, insha hii niliisoma mimi wiki mbili kabla haijafika kwenye mashine yoyote. Purnima aliniletea imeandikwa kwa mkono."

"Hayo utayasema keshokutwa Alhamisi mbele ya kamati, ukipenda kuyasema. Ningekuwa wewe nisingependa. Alhamisi hiyo hiyo bodi inatia sahihi ajira ya kudumu ya mumeo, na atakayeshika kalamu ni Haji Motahir, babake Tanzil. Weka sahihi hapa kwamba umeiona taarifa, mambo yaishe. Binti atarudi kwao, atapata mume. Kwani watu wa mashamba ya chai wana kazi gani na chuo kikuu?"

Lutfa alirudisha karatasi mezani taratibu, kwa sababu angezirudisha kwa haraka angezirusha.

"Taarifa nimeiona," alisema. "Sahihi yangu hutaiona."

*

Alitoka na masikio yanawaka. Mijitu mizima, yenye shahada mpaka ukutani, inakaa kumkaba koo msichana wa miaka kumi na tisa! Alishuka ngazi akiwatukana kimoyomoyo mmoja mmoja, na alipofika kwenye dirisha lake akakuta aliyebaki kutukanwa ni yeye mwenyewe.

Maana jina la Purnima lilifutwa na nani? Na yeye Lutfa. Hiyo ndiyo desturi ya walimu wa uandishi: insha ikiwa nzuri, mwalimu huichapa upya, hufuta jina, hutoa nakala akagawa darasani iwe mfano. Yeye mwenyewe ndivyo alivyofundishwa. Jina huondolewa ili mwenye insha asionewe wivu, na safari hii Lutfa alikuwa na sababu ya ziada. Darasa likijua kwamba aliyeandika ni binti wa mchuma chai, wangemwita kuli mpaka mwisho wa muhula. Kwa hiyo alimlinda. Alimlinda vizuri sana, hata kwenye nakala haikubaki herufi moja ya jina lake. Nakala sitini zilizunguka darasani. Tanzil aliichukua yake, akaweka jina lake juu, akaituma. Purnima, asiye na kompyuta, alipanga foleni siku mbili kwenye duka la fotokopi la langoni, umeme ukienda na kurudi, akaituma Jumanne.

Na huyo hapo alikuwa anapanda ngazi, kandambili zimelowa, mkoba kifuani.

"Madam, wameniambia nilete mzazi," alisema Purnima. "Mama akikosa siku moja shambani wanamkata mshahara. Nimlete?"

"Usimlete."

"Karani wa usajili kanipa karatasi ya kukiri. Nikikiri wananifukuza mihula miwili. Nisipokiri wananifukuza moja kwa moja, na msamaha wa ada ndiyo basi tena."

"Umetia sahihi?"

"Nilimwambia sijui kuandika." Purnima alifuta mvua usoni kwa ncha ya mtandio. "Si ndivyo wanavyosema?"

Lutfa alicheka. Binti hakucheka. Alikuwa akimtazama mwalimu wake kwa macho makavu.

"Madam, kwa nini hukuliacha jina langu?"

"Niliogopa watakuita kuli."

"Wameniita tangu darasa la kwanza. Nimeshazoea. Mwizi ndiyo sijawahi kuitwa."

Lutfa alinyoosha mkono. Aliomba ile insha ya mkono, iliyokuwa na wino wake mwekundu pembeni, akaitia kwenye mfuko wa plastiki isilowe, akamwambia Alhamisi saa nne wakutane hapo hapo.

*

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake amekaa kitandani anakata popoo kwa furaha. Alikuwa ameshaagiza visanduku vinane vya roshogolla kwa muuza vitamu, kimoja kwa kila mlango wa ghorofa yao, viletwe Alhamisi. Habari njema bila kitu kitamu, alisema, ni sawa na arusi bila bibi arusi.

"Mama, barua ya ajira haijatiwa sahihi."

"Itatiwa, mkamwana, itatiwa. Usiniletee mdomo wa kisirani."

Mostafiz alifika magharibi, shati limemganda mgongoni, akavua viatu akitabasamu. Tabasamu lilidumu mpaka Lutfa alipomaliza kueleza. Binti yao Tuni alikuwa anafanya hesabu za shule mezani, akapelekwa chumba cha pili pamoja na daftari lake.

"Naijua hiyo kesi," alisema Mostafiz. "Nimeitwa kama mtaalamu."

"Unaijua! Na hukuniambia?"

"Nilijua utawaka."

"Ebo! Niwake nisiwake? Baba Tuni, mtoto yule aliniletea insha ile kwa mwandiko wake mwenyewe. Mashine yako inamwita mwizi."

"Mashine haimwiti mtu chochote. Inaangalia saa. Wenyewe waliniambia wanataka jibu moja tu, nani mwandishi na nani mwizi, nisiwaletee mambo ya huenda na labda. Nikawawekea kanuni ya saa."

"Ukijua si kweli?"

"Nikijua hawatanunua kitu kingine!" Sauti yake ilipanda, akalitazama pazia la chumba cha Tuni, akaishusha. "Mama Tuni, sikiliza. Miaka sita natia sahihi mkataba wa miezi minne minne kama mpangaji wa chumba. Benki hawanikopeshi hata baiskeli. Juzi mwanao kaniuliza, baba, wewe pale chuoni ni mwalimu au mgeni? Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia ale wali wake. Sasa siku wanayonipa kazi kwa ajili ya mashine, nisimame niseme mashine yangu haijui kitu?"

"Ndiyo."

"Kirahisi hivyo?"

"Sikusema ni rahisi."

Mama mkwe aliweka chini kikatio cha popoo. "Mkamwana, wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Haji Motahir ana migahawa minne London, jengo zima la kompyuta kalijenga yeye. Wewe una nini? Mwavuli."

"Nimempisha miaka sita, mama. Hata kiti sijapata."

Chakula kilikuwa wali na dengu na kipande cha samaki ambacho kila mtu alikisukumia kwa mwenzake mpaka kikaishia kwa Tuni. Lutfa alipokuwa anakusanya sahani aliuliza mara moja tu, bila kumtazama mumewe, "Alhamisi utasema kweli?"

"Nitajibu nitakachoulizwa," alisema Mostafiz, akaenda kunawa mikono.

Alikaa huko bombani muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji. Lutfa alibaki ameishika meza ile ya jikoni. Hapo ndipo, Ramadhani iliyopita, alipokaa mwezi mzima akiandika ripoti ya mashine ile, kurasa arobaini za Kiingereza, sufuria la dengu likitokota ubavuni. Mostafiz alikuwa gwiji wa kompyuta lakini Kiingereza chake kilichechemea. Alikuwa akimsimulia, naye Lutfa anaandika, anafuta, anaandika tena. Jalada lilipotoka lilikuwa la bluu na jina lilikuwa moja, la Mostafiz. Wakati ule hata haikumwuma. Mume na mke, alijiambia, mkono mmoja unamkuna mwenzake. Leo ilimwuma.

*

Kamati ilikuwa ya wanaume watano na meza moja ndefu. Haji Motahir alikaa pembeni, kama mtazamaji tu, alivyosema, katika koti zito la baridi ambalo Sylhet haijawahi kulihitaji. Tanzil alipewa kiti karibu na babake. Lutfa na Purnima waliachwa wamesimama. Mostafiz alikuwa mwisho wa meza na kompyuta yake, kichwa chini, na mbele ya kila mjumbe iliwekwa ripoti ya jalada la bluu.

Mzee Kalam aliingia na sinia. Kauri kwa wajumbe, kauri kwa Haji, kauri kwa Tanzil. Mwanafunzi! Kisha akamletea Lutfa kikombe cha karatasi, akiangalia sakafu kwa aibu, maana amri haikuwa yake. Purnima hakuletewa kitu. Lutfa alimpa kikombe chake.

"Tuanze," alisema Profesa Ekramul. "Madam Lutfa anadai ana ushahidi."

Lutfa alitoa ile insha ya mkono kwenye mfuko wa plastiki, akaeleza jinsi alivyoichapa, alivyofuta jina, alivyogawa nakala sitini. Karatasi ilipita mkono kwa mkono. Mjumbe mmoja aliinusa, sijui alitaka kunusa nini.

"Karatasi ya mkono haina saa," alisema Profesa. "Mtu anaweza kuwa aliinakili jana tu."

"Ina wino wangu mwekundu, na tarehe."

"Wino wako, Madam, umetoka kwenye kalamu yako, na kalamu unayo mpaka leo. Halafu umejisemea mwenyewe hapa kwamba uligawa kazi ya mwanafunzi darasani bila idhini yake. Hilo nalo tuliandike?"

"Andikeni. Ni kosa langu. Lakini kosa langu msimvike mtoto huyu." Aligeuka kabla hajanyamazishwa. "Tanzil, mwanangu, insha nzuri hii. Kilo mbili za nini?"

Tanzil alimtazama babake. "Za chai."

"Zinakwenda wapi?"

"Si zinauzwa?"

"Purnima, zinakwenda wapi?"

"Haziendi mahali, Madam." Sauti ya Purnima ilianza chini ikapanda yenyewe. "Karani wa mizani anazikata kabla hajaandika. Anasema ni uzito wa kitambaa cha kubebea majani na maji ya mvua. Hata kiangazi anakata, kitambaa kikiwa kikavu kama mfupa. Mama akichuma ishirini na tano, zinaandikwa ishirini na tatu. Kila siku ya Mungu. Tangu mimi sijazaliwa."

Mjumbe aliyenusa karatasi aliiweka chini. Hakuna aliyekuwa na shaka tena mle ndani, na hilo ndilo lililomtia Lutfa uchungu kuliko yote, kwa sababu aliwaona wote wamejua na wote wanatafuta njia ya kutojua.

Haji Motahir alikohoa. "Mtihani wa mdomo nadhani haumo kwenye ajenda."

"Haumo kabisa," alisema Profesa kwa haraka. "Bwana Mostafiz, wewe ndiye mtaalamu. Mashine imekosea?"

Mostafiz aliinua kichwa. "Mashine imefanya ilivyoagizwa."

"Imekosea au haikukosea?"

"Haikukosea."

"Na kwa kanuni yake, anayetuma kwanza ndiye mwandishi?"

"Kwa kanuni yake, ndiyo."

Purnima alikishusha kikombe cha karatasi kwenye ukingo wa dirisha kana kwamba ameambiwa atoke. Lutfa alimwangalia mumewe. Miaka kumi na mmoja alikuwa amempenda mtu huyu, na dakika ile alimchukia, tena wazi, bila kujificha. Akasema, "Nina swali kwa mtaalamu."

"Moja, na fupi."

"Hiyo ripoti ya jalada la bluu mliyonayo. Nani aliituma?"

"Mimi," alisema Mostafiz.

"Nani aliiandika?"

Mvua ilikuwa inapiga bati la veranda. Mostafiz alifungua mdomo, akaufumba.

"Madam Lutfa," alisema Profesa, "mambo ya jikoni yazungumzwe jikoni."

"Iliandikwa jikoni kweli, Profesa. Ndiyo maana nauliza."

Mtu mmoja alicheka, akajutia. Haji Motahir alikunja mkono wa koti akatazama saa. Kila mtu alikuwa akimsubiri Mostafiz aseme neno dogo la herufi nne, "mimi", lile lile alilokwisha kulisema dakika moja nyuma, ili barua itiwe sahihi na watu wakale. Yeye aliifunga kompyuta yake polepole, mpaka ikalia tiki.

"Aliiandika mke wangu," alisema. "Kila neno. Mimi nilituma tu."

"Bwana Mostafiz, fikiri unachosema."

"Nimefikiri tangu Ramadhani. Nilituma kwanza, ikawa yangu. Mashine ingewaambia ni yangu." Alimwelekea Purnima lakini hakuweza kumtazama. "Mwandishi ni binti huyu. Mashine haiwezi kulijua hilo, na nilijua haiwezi tangu siku niliyoiandikia kanuni ile."

*

Waliwekwa nje saa nzima, wote watatu kwenye benchi moja. Tanzil alisubiri ndani.

Karani wa usajili alitoka na karatasi akaisoma kwa mwendo wa mtu anayeharakia swala. Ushahidi haukutosha upande wowote. Insha zote mbili zimefutwa, kila mmoja ataandika nyingine. Hakuna mwanafunzi atakayeadhibiwa. Suala la ajira ya Bwana Mostafiz limeahirishwa mpaka wakati mwafaka. Na kwa kuwa Madam Lutfa amekiri kugawa kazi ya mwanafunzi bila idhini, chuo hakitahitaji huduma zake baada ya muhula huu.

"Kwa hiyo," alisema Purnima, "nimeiba au sikuiba?"

"Umesamehewa, binti. Shukuru."

"Nimesamehewa nini?"

Karani alikunja karatasi. "Msamaha wako wa ada umebaki pale pale. Usitafute mengine." Akaingia ndani, na Tanzil akatoka mlango huo huo, akashuka ngazi anapiga mluzi.

*

Visanduku vinane vya roshogolla vilikuwa vimeshafika, vimepangwa mezani na utepe mwekundu. Mama mkwe aliwatazama nyuso zao akakaa chini bila kuambiwa.

"Umenivua nguo mbele za watu," alisema Mostafiz. Alikuwa ameyabeba maneno hayo njia nzima ndani ya riksho.

"Na wewe ulikuwa unamvua nani? Mtoto wa watu, mbele za wanaume sita!"

"Ungeniambia kwanza. Hata asubuhi, hata mlangoni. Ungeniambia utaniuliza lile."

"Ningekwambia ungejiandaa. Ungetafuta jibu zuri."

Ilikuwa kweli, na Mostafiz alijua. Kisha akasema kwa sauti nyingine, ya chini, "Sasa tutakula nini, Mama Tuni? Wewe huna kazi. Mimi sijui kama ninayo."

Hasira ya Lutfa ilikuwa bado nzima, lakini haikujua tena imwangukie nani. Mtu huyu alikuwa amesema kweli, tena amechelewa, tena ameilipia. Asingemshukuru. Bado.

"Ripoti ile mimi nilimwona anaiandika," alisema mama mkwe ghafla. Wote wawili walimgeukia. "Ramadhani nzima vitunguu nilimenya mimi, macho yakaniwasha mpaka Idi. Nikajiuliza, jina lake liko wapi? Nikasema, mwanamke mzee, kaa kimya, si yako." Alivuta kisanduku kimoja akakata utepe kwa kikatio chake cha popoo. "Haya, kuleni. Roshogolla hazirudishwi dukani."

Walikula wamesimama. Tuni alikuja akala tatu, akauliza habari njema ni ipi. Hakujibiwa, akachukua ya nne.

*

Jumapili, siku ambayo wiki ya chuo huanza huko, Lutfa alimkuta Purnima kwenye duka la fotokopi kabla ya kipindi. Mara hii aliomba kwanza.

"Insha yako nataka niigawe tena darasani. Ukikataa, basi."

Purnima alifikiri. "Na jina?"

"Na jina."

"Jina lote, Madam. Na la mama."

Mwenye duka alichapa, Lutfa akasimama nyuma yake akikagua kila herufi, umeme ukakatika mara moja, ukarudi. Nakala sitini, zilizolipiwa na Lutfa mwenyewe, akazifunga kwenye plastiki akavuka uwanja chini ya mvua. Mlangoni mwa ofisi ya walimu mzee Kalam alimwita. Alikuwa ameshika kikombe cha kauri, chai ya maziwa inafuka mvuke.

"Madam, wameenda mkutanoni. Kunywa haraka."

"Asante, mzee wangu. Haraka sinywi tena," alisema Lutfa, akapita.

Darasa lilikuwa limejaa. Habari zilikuwa zimewatangulia, kama kawaida ya habari, na minong'ono ilikatika alipoingia. Aligawa karatasi safu kwa safu, mwenyewe, bila kumtuma mtu. Tanzil alikuwa mbele, miguu ameinyoosha mpaka njiani. Alipopewa yake aliitupia jicho, akaikunja mara mbili.

"Ikunjue," alisema Lutfa. "Leo utatusomea wewe. Simama."

"Mimi, Madam?"

"Wewe. Si unaijua vizuri?"

Kicheko kilipita nyuma ya darasa. Tanzil alisimama shingo upande, akakohoa. "'Mama yangu huchuma kilo ishirini na tano...'"

"Umeruka mstari. Anzia juu."

"'Kilo Mbili,'" alisoma Tanzil. "'Mama yangu huchuma...'"

"Umeruka tena. Kuna mstari kati ya hapo na hapo."

Tanzil alimtazama. Alikuwa na babake, na jengo la kompyuta, na migahawa minne ng'ambo ya bahari, na vyote vilikuwa machoni mwake. Lutfa naye alimtazama. Hakuwa na kiti, wala muhula ujao, wala haja ya chai yao. Alikuwa na dakika hamsini za kipindi na hakuwa na haraka nazo.

"Tunakusubiri," alisema.

Tanzil aliishusha karatasi, akaiinua. "'Imeandikwa na Purnima Bauri,'" alisema kwa sauti ya kumezwa, "'binti wa Sabitri Bauri, mchuma chai.'"

Nyuma kabisa, karibu na dirisha, Purnima aliinua kichwa.

"Sauti," alisema Lutfa. "Huko nyuma hawakusikia."

Tanzil akalisoma jina tena.